Karatasi Niliyoikagua

Kwako Dada Mkubwa,

Salamu kwanza, maana hata mtu aliyefura kwa hasira ana adabu zake. Hujambo? Goti linaendeleaje, na yale mazoezi uliyopewa unayafanya au umeyaacha baada ya siku mbili kama kawaida yako? Shemeji naye hajambo? Mwambie salamu zake zimefika. Mimi mwili ni mzima, ila mengine ndiyo haya ninayokuandikia. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, wewe umeshanimalizia sentensi. Barua huwezi kuikatiza.

Yako niliipata juzi. Unasema umeshakata shauri: Jumatatu unapanda basi, unakuja mpaka hapa kituo cha afya, unamwona mkubwa wao na kumshtaki yule mshauri nasaha aliyemwambia wifi yako afungashe virago. Unasema huondoki pale mpaka msichana yule afukuzwe kazi, na kwamba umeshawaambia ndugu wote na wote wako nyuma yako. Dada, kabla hujakata tiketi, nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho. Usiishie katikati ukaanza kutafuta viatu.

Nianze na huyo mshauri, maana mimi mwenyewe nina yangu juu yake, tena mengi. Unajua kwamba sikwenda kwake kwa hiari. Wifi yako aliniambia asubuhi moja, huku akimchana binti yetu nywele, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amechoka kuishi kwenye chumba cha ukaguzi. Akasema ama twende tukazungumze na mtu, ama yeye na mtoto wanahamia kwa mama yake. Nikamwuliza mimi nimekosa nini. Silewi, sipigi mtu, mshahara naufikisha nyumbani wote. Akasema hayo yote ni kweli. Basi nikaenda shingo upande.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya dirisha la dawa. Viti viwili vya plastiki na kimoja cha mbao, meza yenye mguu uliowekewa kipande cha boksi ili isicheze, na ukutani picha ya jua linalocheka. Picha ilikuwa imening'inia upande. Mshauri ni binti wa umri wa kitinda mimba wako, amevaa raba, na kamba ya raba ya kushoto ilikuwa imefunguka. Nilimwambia kabla hata ya salamu. Akanishukuru, akainama akaifunga. Sikupenda alivyonishukuru.

Akaanza kutueleza kazi yake. Alisema kuna washauri wanaoanza na kilichovunjika, lakini yeye huanza na kile ambacho tayari kinakwenda vizuri kwa mtu, akakikuza mpaka maisha yake yote yapate ladha. Jina lake saikolojia chanya. Nikamwuliza kama fundi akiletewa shati lililochanika mgongoni anatakiwa asifie mikono. Wifi yako akafunika uso kwa kiganja. Yule binti akacheka sana, kisha akaniuliza kama anaweza kuyaandika maneno yangu, na akayaandika kweli! Mimi namshambulia, yeye ananiandika kwenye daftari kama vile nimempa zawadi. Dada, kuna watu wanajua kukukera bila kukukosea.

Kazi ya kwanza aliyotupa ilikuwa hii: kila siku jioni uandike mambo matatu mazuri yaliyotokea, na kwa nini yalitokea. Nikampa jina hapo hapo, Bi Mazuri, na mpaka leo silijui lingine. Wifi yako alijaza kurasa. Mimi siku ya kwanza niliandika kwamba mvua haikunyesha, basi halikuchelewa, na hakuna mtu aliyenisumbua. Nilijiona nimefanya kazi yangu, tena kwa mwandiko safi. Wiki iliyofuata Bi Mazuri akasoma, akatikisa kichwa taratibu, akasema haya yote matatu ni mabaya ambayo hayakutokea. Mazuri yako wapi? Nilitaka kumrushia lile daftari. Mtu mzima wa miaka arobaini na nane, ninasahihishiwa furaha!

Akaniuliza kazini nafanya nini. Nikamweleza, maana kazi yangu siionei haya. Nikamwambia mimi ni mkaguzi kwenye kiwanda cha sare za shule. Mashati yanakuja mezani kwangu dazeni kwa dazeni, nayageuza ndani nje, navuta mishono, napima ncha za kola zilingane, nahesabu vifungo. Penye kosa napiga alama ya chaki, na shati linarudi kwa fundi aliyelishona, analifumua na kulirudia. Mashati mia nne kwa siku. Nikamwambia kwamba kiwandani hakuna anayeniita jina langu, wananiita Chaki, na kwamba kwa miaka kumi na minne hakuna duka lililorudisha shati lililopita mikononi mwangu. Akasema hilo ni jambo kubwa na jicho la namna hiyo ni kipaji. Kisha akaharibu. Akasema wiki hii, kila siku, nitafute shati moja lililoshonwa vizuri kupita kiasi, niliwekee alama ya chaki ya kusifu, na limrudie fundi wake aone.

Sasa sikiliza kilichotokea, halafu uniambie kama sikuwa na haki ya kuwaka. Jumanne nilipata kola moja, dada, iliyonyooka kama karatasi mpya. Mshono umeifuata ncha bila kuyumba hata kidogo. Ilishonwa na yule mama wa mashine ya dirishani, tuliyeanza naye kazi mwaka mmoja. Nikapiga alama ya vema juu ya kola, nikaliweka shati kwenye kapu linalorudi kwa mafundi, nikaendelea na kazi zangu. Baada ya kama robo saa nainua kichwa, namwona yule mama ameshika kiwembe, anafumua ile kola. Ameifumua yote! Nikaenda mbio. Nikamwuliza anafanya nini, alama ya vema haioni? Akaniambia hakuangalia ni alama gani. Akasema chaki yangu akiiona anafumua tu, miaka yote hii haijawahi kuwa na maana nyingine. Mafundi wenzake wakacheka mpaka msimamizi akatoka ofisini. Yule mama hakucheka. Aliniomba msamaha, mimi niliyemharibia kola yake bora ya mwaka.

Nilirudi kwa Bi Mazuri nikiwa nachemka. Nikamwambia hayo ndiyo matunda ya uchanya wake, kazi nzuri imeharibika mchana kweupe. Nilitegemea atajitetea. Badala yake alimtazama wifi yako, na wifi yako alikuwa anafuta machozi kwa upande wa kanga ya begani. Nikauliza nani analilia kola.

Siku hiyo hiyo tukapewa kazi ya tatu, na hii ndiyo iliyotufikisha hapa. Kila mmoja amwandikie mwenzake ukurasa mmoja, mambo matano aliyowahi kutendewa naye ambayo hajawahi kumshukuru. Mbadilishane karatasi nyumbani, kila mtu asome kimya, na jibu liwe neno moja tu, asante. Hilo ndilo sharti pekee alilotupa. Tulibadilishana Alhamisi jioni, baada ya kula. Ijumaa asubuhi wifi yako akamchukua mtoto na mabegi mawili, wakaenda kwa mama yake. Hayo nilikwambia kwenye simu, na nikakwambia kwamba Bi Mazuri ndiye aliyemtia maneno. Wewe ukashika moto, ukawasha na wengine.

Jumamosi mimi mwenyewe nilimfuata kituoni. Usidhani wewe ndiye wa kwanza kuwa na wazo la kumtolea ukali. Nilisimama mlangoni, mbele ya watu waliokuwa wanasubiri dawa, nikamwambia amenivunjia nyumba, na kwamba ushahidi ninao mfukoni. Hakuniambia nipunguze sauti. Alisogeza kiti, akasema naomba niuone huo ushahidi. Nikampa. Akausoma wote, mbele na nyuma, kisha akaulaza mezani polepole. Mimi nilikuwa bado nimesimama.

Swali lake halikuwa juu ya wifi yako hata kidogo. Aliniuliza nilipokuwa mtoto ni nani aliyekuwa ananikagua mimi. Nikamwambia hayo hayamhusu. Akasema sawa. Nikaketi, nikamjibu, kwa sababu nilitaka ajue kwamba nililelewa vizuri.

Nilimweleza kwamba mama alifariki nikiwa na miaka sita, na wewe ulikuwa na kumi na tisa. Kwamba uliacha mambo yako yote ukanilea. Kila asubuhi ulinisimamisha mlangoni kabla sijaenda shule. Kucha, masikio, kola, soksi, viatu. Geuka. Geuka tena. Penye kosa nilirudi ndani, hata kama kengele imeshalia. Nilimwambia kwa majivuno kwamba shule nzima hakukuwa na mtoto msafi kama mimi. Akaniuliza siku ambazo hapakuwa na kosa lolote ulikuwa unaniambia nini. Nikafikiri. Nikamwambia, alikuwa anasema nenda.

Na hapa, dada, hasira yangu inahama kwake inakuja kwako, nisamehe, lakini nimeshaanza na lazima nimalize. Nenda! Miaka kumi na miwili nimesimama mlangoni pale nimeng'aa kama sahani, na neno bora nililowahi kulipata ni nenda? Nilikuwa napiga viatu rangi usiku nikilala navyo kitandani ili visishike vumbi. Nilikuwa najiuma kucha ili usikute uchafu. Hukuwahi kuona? Jicho lako liliona uzi mmoja uliotoka kwenye pindo la kaptula, likashindwa kumwona mtoto aliyevaa kaptula yenyewe? Nilikuwa mtoto, dada! Najua ulikuwa umechoka. Najua na wewe hukuwa na wa kukwambia umefanya vizuri, na ulikuwa binti mdogo mwenye mzigo wa mama mzima. Najua yote hayo, na bado nina hasira, na nina miaka arobaini na nane, na sijui niiweke wapi.

Nilipotoka pale niliapa sirudi. Nilifika nyumbani, nikakuta sebule imenyooka, hakuna kiatu cha mtoto katikati ya njia, hakuna kikombe kilichoachwa juu ya redio. Kila kitu mahali pake, kama nilivyokuwa nadai siku zote. Nikakaa. Sikupata cha kukosoa, na sikupata cha kufanya.

Sasa nakwambia kilichokuwa kwenye ushahidi, na baada ya hapo utajua mwenyewe kama unapanda basi au hupandi.

Ushahidi ulikuwa ni ile karatasi ya wifi yako. Ameniandikia mambo matano. La kwanza, kwamba mtoto alipozaliwa nilimshonea kofia kwa mkono, mimi nisiyekuwa fundi. La pili, kwamba mama yake alipolazwa nilimpelekea maji ya moto wiki tatu mfululizo. La tatu, lile bati la jikoni nililolibadilisha peke yangu. La tano, kwamba sijawahi kumdanganya. Na la nne nakuandikia kama alivyoliandika, kwa kuwa nimeshalikariri. Aliandika kwamba Jumatano ile ya mvua, alipong'olewa jino pale pale kwenye kliniki ya meno anakofanyia kazi ya mapokezi, alitoka na mdomo uliokufa ganzi, hawezi hata kusema, akanikuta kituo cha basi na mwavuli. Kwamba nilimfunika yeye, mimi nikalowa. Kwamba tulitembea mpaka nyumbani, na njia nzima sikumkosoa kitu, na kwamba anaikumbuka ile safari kuliko siku ya harusi yetu.

Nilitakiwa kusema asante. Dada, niliisoma nikiwa na kalamu mkononi. Sikuichukua kalamu kwa ubaya. Mkono wangu haujui kukaa mtupu ninaposoma kitu. Kwenye kofia nikaandika pembeni kwamba ilikuwa inapwaya. Kwenye maji ya moto nikaandika siku kumi na tisa, siyo wiki tatu. Kwenye bati nikaandika mabati mawili. Kwenye la tano nikaweka alama ya vema. Na kwenye la nne, pembeni ya maneno yote yale, nikakata Jumatano nikaandika Alhamisi. Kisha nikafika chini kabisa ya karatasi, na pale chini, kama ninavyofanya kwenye kila dazeni inayopita mezani kwangu, nikaandika Imekaguliwa, nikaweka tarehe, nikatia sahihi. Nikamrudishia. Ya kwangu kwa ajili yake sikuwa nimeandika hata mstari.

Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiacha mezani, akaenda kulala chumba cha mtoto. Asubuhi nikaona mabegi. Bi Mazuri hakumwambia aondoke. Tangu siku tuliyopewa kazi ile hawakuwa wamezungumza. Nilikudanganya, dada. Wifi yako aliandika kwamba sijawahi kumdanganya yeye, na mimi nikaenda kukudanganya wewe na ukoo mzima, nikamrushia mzigo msichana wa watu ambaye kosa lake ni kuvaa raba na kuniuliza maswali. Nililiona jambo hilo likikua, ukiwapigia ndugu simu mmoja mmoja, na nikanyamaza kwa sababu, kwa mara ya kwanza, ulikuwa upande wangu bila kunigeuza kwanza nyuma na mbele.

Kwa hiyo usije Jumatatu kumshtaki mtu. Ukija, uje kunisalimia. Na wale uliowaambia, waambie tena, hata kama itaniaibisha. Itaniaibisha, najua, hasa kwa shangazi.

Kuna jingine. Juzi, baada ya kusoma barua yako, nilimwomba msimamizi daftari la mahudhurio la mwaka juzi. Nilitaka kumthibitishia wifi yako kwamba mimi sikosei, kwamba ilikuwa Alhamisi. Siku ile ya mvua ndiyo siku pekee niliyowahi kutoka kazini mapema, kwa hiyo nilijua imeandikwa. Imeandikwa. Nimetoka saa tisa na nusu, ruhusa ya dharura, Jumatano. Nilisimama pale kabatini na lile daftari mpaka msimamizi akaniuliza kama kuna msiba. Mkaguzi wa miaka kumi na minne! Karatasi nzima kitu pekee kilichokuwa na kosa ni alama zangu.

Nilirudi kwa Bi Mazuri jana, sikupiga kelele. Bado sikubaliani naye mambo mengi, na lile jua linalocheka ukutani bado limekaa upande. Lakini aliniambia jambo ambalo limenikaa: kwamba jicho langu si ugonjwa, ila kwa miaka yote limefundishwa kutazama upande mmoja wa nguo. Wifi yako amekubali kuja Jumamosi hii saa nne, kusikiliza tu, hajaahidi zaidi. Natakiwa kufika na karatasi yangu. Nimeianza mara nane. Kila nikianza yanakuja makosa yake kwanza, yamejipanga foleni, na mimi nayafukuza moja moja kama kuku jikoni. Mpaka sasa nina mstari mmoja tu. Unasema: Ilikuwa Jumatano, wewe ndiye uliyekumbuka, na mimi nililowa kwa raha yangu. Asante.

Yamebaki manne. Nadhani nitayapata, kwa sababu leo mchana nilimpelekea yule mama wa dirishani shati lake mwenyewe, bila chaki, nikamwambia kwa mdomo kwamba kola yake ni nzuri. Aliligeuza mara tatu akitafuta kosa. Nikasimama pale mpaka alipoamini.

Na wewe, dada, ukipata nafasi, niandikie. Nasema hivi nikiwa bado na hasira, usije ukadhani imeisha. Niandikie kitu kimoja kizuri ulichokiona kwangu nilipokuwa nimesimama pale mlangoni. Kimoja tu, hata kama ni soksi. Mimi nimeshakuandalia chako: kila siku, kwa miaka kumi na miwili, ulikuwa umeamka kabla yangu.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na goti ulifanyie mazoezi yake. Wasioniuliza nao wasalimie.

Ni mimi mdogo wako,

Chaki

Tena: barua hii sijairudia kuikagua. Ukikuta kosa, liache.